Hasheem garasa? Nani kawaambia?

Wadau, leo mnivumilie. Kuna jambo linanikera na nisipolitoa litaniharibia wiki nzima.

Wapenzi wa Simba na Yanga wanalijua vizuri neno "garasa". Mchezaji anasajiliwa kwa mbwembwe, anapokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma na skafu shingoni, halafu akiingia uwanjani hakuna kitu. Sina ugomvi na neno lenyewe. Ugomvi wangu unaanza pale watu wa kijiwe chetu hapa Sumbawanga wanapolichukua na kumbandika Hasheem Thabeet, na wakishamaliza kwake wanalibeba hilohilo kumbandika Khaman Maluach, kijana aliyezaliwa mwaka 2006. "Huyu naye ni Hasheem mwingine tu, urefu wa bure." Nimelisikia hilo mara nyingi mno, na wanaolisema si watu wasiojua. Ni walimu, maofisa wa benki, vijana wenye digrii zao, watu wanaoamka saa tisa usiku na kibaridi hiki cha Ufipa, blanketi mabegani, kuangalia kikapu kwenye simu. Ndiyo maana inaniuma. Asiyejua mchezo namsamehe. Ila wewe unayeujua, huo uamuzi uliutoa wapi?

Nitakwambia ulikoutoa. Uliuokota kwenye orodha za Wamarekani. Kila mwaka drafti inapokaribia, magazeti na televisheni za kule hupanga majina ya wachezaji waliochaguliwa juu wakaishia chini, na jina la Hasheem halikosekani. Sisi tumeisoma orodha, tumeitafsiri, tumeimeza na mifupa yake. Hakuna aliyeuliza: jamani, huyu mtu aliajiriwa kufanya kazi gani hasa?

Hebu tuanze mwanzo. Usiku wa kuamkia Juni 26, 2009 kwa saa zetu, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem akiwa wa pili katika drafti nzima. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu James Harden. Wa saba, sikilizeni vizuri, Stephen Curry. Hapo ndipo penye kesi yote ya waendesha mashitaka. Wanakuja na jina la Curry kama mtu anayekuja mahakamani na kisu chenye damu. "Walimwacha Curry wakamchukua Hasheem!" Sasa hilo ni kosa la Hasheem? Yeye ndiye aliyepanga foleni? Kumbukeni pia kwamba Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita, zote mbili mfululizo, wakachukua walinzi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na wote hao hawakuwa Curry. Mbona hatuwasikii watu wa Barcelona wakimwita Rubio garasa kwa sababu hiyo?

Na Memphis hawakuokota mtu barabarani. Huyu kijana wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, alikuwa amemaliza miaka mitatu pale Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Januari 2009 dhidi ya Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10, zote katika mechi moja. Alishirikiana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East na DeJuan Blair wa Pittsburgh, na timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Mwenye kusema walimchagua kwa urefu tu aniambie hizo bloku 10 zilihesabiwa na nani.

Tatizo letu ni namna tunavyopima. Mtu akitaka kunithibitishia kwamba Hasheem alishindwa, kitu cha kwanza anachotaja ni pointi. "Wastani wa pointi 2.2!" Ni kweli, ndio wastani wake katika mechi 224 za NBA. Lakini wewe uliyekaa hapo na jezi ya Yanga, siku ukimjadili kipa wako huwa unauliza amefunga magoli mangapi? Unauliza kaokoa mangapi, kaipanga vipi safu ya ulinzi, mabeki wanamwamini? Kwa nini basi senta aliyeajiriwa kulinda goli unampima kwa kufunga? Msimu wake wa kwanza Hasheem alicheza mechi 68 kwa wastani wa dakika 13, na katika dakika hizo 13 alikuwa anazima mipira 1.3. Piga hesabu mwenyewe kwa mtu anayecheza dakika 36 uone inafika ngapi. Ni zaidi ya tatu na nusu. Najua, namba za kuzidisha hivyo zina udanganyifu wake, mtu wa dakika 13 hachoki kama wa dakika 36. Lakini hata ukipunguza, hiyo si kazi ya garasa.

Dikembe Mutombo, Mungu amrehemu, alituaga Septemba 30, 2024. Amekaa NBA misimu 18, amechukua tuzo ya mlinzi bora mara nne, amezima mipira 3,289, na ni Hakeem Olajuwon peke yake aliyemzidi. Wastani wake wa pointi kwa maisha yote ya mchezo haukufika 10. Yupo kwenye jumba la heshima tangu 2015. Kuna mtu hapa Afrika amewahi kumsimanga Mutombo kwa pointi? Hakuna, kwa sababu kazi yake ilijulikana tangu siku ya kwanza, naye akaifanya huku akitikisa kile kidole.

Mtaniambia Mutombo alikuwa Mutombo. Sawa. Twende kwa mtu wa kawaida zaidi, na wa karibu zaidi na sisi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ukiwaacha wavuvi wa Kasanga na migebuka yao, ukavuka na kuteremka kusini mbali kidogo, utafika Lubumbashi, mji unaosema Kiswahili kama wewe na mimi ingawa cha kwao kina ladha yake. Huko ndiko alikotoka Bismack Biyombo. Mwaka 2011, kwenye mechi ya vijana kule Portland ya kuwapambanisha wageni na Wamarekani, alipata pointi 12, ribaundi 11 na bloku 10. Linganisha na zile za Hasheem za Providence, ni kama pacha. Mwaka huohuo alichaguliwa wa saba akaishia Charlotte.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini. Charlotte ya msimu ule ilikuwa timu mbovu kuliko unavyoweza kuamini: walishinda mechi 7, wakapoteza 59. Katika ubovu huo Biyombo alipewa dakika 23 kila usiku. Alikosea, akatandikwa, akaambiwa kesho rudi tena. Hasheem kwa upande wake alifika Memphis kwenye timu iliyoshinda mechi 40, yenye Zach Randolph na Marc Gasol chini ya goli. Gasol huyo alichaguliwa wa 48 katika drafti ya 2007! Namba ya drafti haikumwongezea wala kumpunguzia kitu, alikuwa senta aliyekamilika na hakuna kocha mwenye akili ambaye angemweka benchi ili mgeni ajifunze. Kwa hiyo mtu wa pili katika drafti akawa mwanafunzi asiye na darasa. Februari 2010 wakampeleka ligi ndogo, kwa Dakota Wizards, na magazeti yakaandika kwamba hajawahi kupelekwa huko mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile. Mwaka uliofuata wakamuuza Houston.

Biyombo je? Mwaka 2016 akiwa Toronto alikamata ribaundi 26 katika mechi moja ya fainali ya upande wa mashariki dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Kiangazi hicho Orlando wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Kwa wastani wa pointi kama tano hivi kwa mechi! Hakuna anayemwita garasa, kwa kuwa kila aliyemwajiri alijua anamwajiri kufanya nini: kuruka, kukamata, kuweka mwili wake mbele ya walinzi wa adui ili mwenzake apite. Baba yake alipofariki, alitoa mshahara wake wa msimu kujenga hospitali kwao Kongo. Hilo halihusiani na mjadala, nimeliweka tu kwa kuwa linanifurahisha.

Sasa kabla hamjanipigia makofi, nina maneno pia kwa upande wa pili. Wapo ndugu zangu wazalendo ambao ukimtaja Hasheem wanakuja juu: "walimwonea", "walimbania kwa kuwa ni Mwafrika". Hapana jamani. Nani alimbania Mutombo? Nani alimbania Olajuwon wa Nigeria? Hasheem alikuwa na mapungufu yaliyoonekana wazi. Mikono yake ilikuwa inachelewa kuushika mpira. Miguu ilikuwa inachelewa kugeuka, na kwa kuchelewa huko alikuwa anakusanya makosa upesi. Kifua hakikuwa na uzito wa kutosha. Februari 2009 Blair, mtu mfupi kwake kwa zaidi ya futi nusu, alimnyanyua mgongoni akamwangusha sakafuni mbele ya televisheni, na usiku ule akakamata ribaundi 23. Aliyeitazama mechi ile aliona kila kitu ambacho NBA wangekuja kukigundua baadaye. (Blair mwenyewe alichaguliwa wa 37. Ndiyo drafti hiyo.)

Lakini mapungufu hayo yana chanzo, na chanzo hakiko Memphis. Hasheem alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Kumi na mitano! Mtoto wa Marekani wa umri huo ameshafundishwa namna ya kugeuza mguu mmoja huku mwingine umesimama, ameshaifanya mara elfu kadhaa mpaka haifikirii tena. Huwezi kumchukua mtu ambaye mikono na miguu yake imejifunza kwa miaka saba jumla, ukamweka mbele ya Tim Duncan, kisha ukashangaa anachelewa. Wafanyabiashara wa mahindi hapa kwetu wana mchezo wao wa lumbesa: gunia linajazwa, linavimbishwa, linashonewa kilemba juu, halafu mkulima analipwa kama gunia moja. Hasheem alifungwa lumbesa. Walichukua kijana wa kazi moja nzuri, wakamshonea juu yake matumaini ya nchi nzima na namba 2 mgongoni, halafu wakampima na kusema hajatosha.

Tena kuna sehemu ya habari ambayo waimba garasa huiruka. Msimu wa 2012-13 Oklahoma City walimchukua Hasheem kwa kazi ndogo inayoeleweka: msaidizi wa Kendrick Perkins, dakika kumi na kitu, linda goli, kamata, toka upumzike. Alicheza mechi 66. Timu hiyo, yenye Kevin Durant na Russell Westbrook, ilishinda mechi 60. Hakuna kocha anayefukuzia ubingwa anayempa mtu mechi 66 kwa huruma. Yaani siku alipopewa kazi inayomfaa, akaifanya, na hatukuona kwa sababu tulikuwa tumeshafunga faili. Baadaye alizunguka, Japani, Taiwan, mwishowe akarudi kuvaa jezi ya Dar City nyumbani. Mtu anayelipwa kucheza mchezo huu mpaka anakaribia miaka 40, wewe unayemwita garasa umelipwa kucheza nini?

Haya, Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Uganda, pale Kawempe, na mpira wa kikapu ameugusa akiwa na miaka kama 13. Akaenda akademi ya NBA kule Senegal. Akiwa na miaka 17 alikuwa kwenye Olimpiki ya Paris ya 2024 na timu ile ya Sudan Kusini ambayo siku chache kabla, mjini London, ilipoteza kwa Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Mwaka mmoja Duke. Juni 2025 akachaguliwa wa 10 na kupelekwa Phoenix Suns, ndani ya mpango uleule uliompeleka Durant Houston.

Kijiweni kwetu hoja ya kumzika ni moja: nusu fainali ya vyuo, Aprili 2025, Duke dhidi ya Houston, alicheza zaidi ya dakika 20 bila kukamata ribaundi hata moja. Sifuri. Mtu wa futi 7 na inchi 2. Siwezi kuitetea hiyo sifuri na sitajaribu. Wale Houston walikuwa wanaume wazima, walimsukuma wakamsogeza kama kabati. Lakini mbona hamtaji kwamba msimu huo zaidi ya asilimia 70 ya mitupo yake iliingia? Kwa nini iliingia? Kwa sababu alikuwa hatupi ovyo. Alikuwa anamwekea mwenzake kizuizi, anakimbilia goli, anarushiwa juu, anatumbukiza, anarudi kulinda. Anaijua kazi yake akiwa na miaka 18, jambo ambalo wengi hawalijui wakiwa na 25.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu. Maluach hatakuwa nyota wa kufunga pointi 25, na anayemsubiri kwa hilo asubiri kivyake. Ana nafasi nzuri ya kuwa senta wa dakika 20 mpaka 25 kwenye timu inayoshinda, kwa miaka mingi, njia ya Biyombo akiwa mrefu zaidi na mwenye mikono bora. Usiku uleule wa drafti Phoenix walimchukua pia Mark Williams kutoka Charlotte, na mwanzo wa msimu wa 2025-26 dakika za Maluach zilikuwa chache, akashushwa na ligi ndogo kucheza. Kijiwe kikashangilia: "si tulisema?" Hamkusema kitu. Huko ligi ndogo ndiko alikotakiwa kwenda. Mwaka 2010 tuliiona kama fedheha, na hata Wamarekani wenyewe waliiona hivyo. Siku hizi timu nyingi huwapeleka huko vijana wao wapate miguu.

Na kwa nini mtu wa Sumbawanga niumizwe na haya? Kwa sababu maneno ya kijiweni yanatembea. Kuna shule moja ya hapa mjini ina kijana wa kidato cha tatu anayeinama kupita mlango wa darasa. Likizo utamkuta anapakia mahindi kwenye malori. Kiwanja cha kikapu shuleni kipo, saruji imepasuka, goli moja halina hata bati la nyuma. Nilimwendea mwalimu mmoja, nikamwomba kijana apewe walau siku mbili kwa wiki za kufundishwa kabla ya UMISSETA, siyo siku tatu za mwisho kama kawaida. Unajua alinijibu nini? "Mwandishi, hata Hasheem alishindwa."

Sikuwa na hasira na mwalimu, ana vipindi vingi na mshahara wake naujua. Hasira yangu iliwaendea waliomlisha sentensi ile. Hasheem alifika NBA, akacheza mechi 224, na sisi tumegeuza habari yake kuwa sababu ya kutotengeneza goli.

Wazee wa Ufipa walifua chuma. Mabaki ya yale matanuru marefu, malungu, bado yanaonekana kwenye mbuga zetu, mengine yalikuwa na kimo cha mita tatu, karibu sawa na goli la kikapu. Na chuma kilichotoka kwenye tanuru refu hakikuwa tayari kuwa jembe. Kilipelekwa kwanza kwenye tanuru dogo la pili, lenye mivukuto, kikasafishwa, ndipo mhunzi akakigonga. Hakuna mzee aliyekitupa porini kwa kuwa kimetoka na takataka.

Yule mwalimu nimemwambia nitarudi. Bati la nyuma la goli fundi wa kuchomelea wa pale Majengo anasema si kazi ya kutisha, ni kipande cha chuma na nusu siku. Mpira ninao. Anayejua kufundisha miguu ya senta na yuko Sumbawanga, Laela au hata Namanyere, anitafute. Wanaotaka kuendelea kubishana kuhusu Maluach nao waje, ila waje na idadi ya dakika, siyo pointi.